Mvushe Mgeni kwa Miguu: Kupanga Siku Tatu za Kuitembelea Lubumbashi

Nkambo, yaani bibi yangu, alifika Lubumbashi akitokea Kilwa, mji wetu mdogo ulio ukingoni mwa ziwa Moero, akiwa ameketi mbele ya lori la samaki pembeni ya dereva. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona mji mkubwa. Nilimwandalia siku moja ya matembezi nikaijaza pomoni: kanisa kuu, posta, makumbusho, bustani ya wanyama, soko, chuo kikuu, uwanja wa mpira, na mwishoni barabara ya uwanja wa ndege wa Luano ili azione ndege zikitua. Tulitoka alfajiri, tukarudi giza limeshaingia. Usiku ule, miguu yake ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto, aliniuliza kwa upole: “Mujukulu, sasa Lubumbashi njo gani?”

Nilikosa jibu. Nilikuwa nimemwonyesha vitu vinane, na mji wenyewe hakuuona. Tangu hapo nimeifanya kazi ya kupanga matembezi ya wageni kuwa kazi yangu, na swali la Nkambo ndilo ninalopimia kila karatasi ninayoandika. Mgeni akirudi kulala, je, anaweza kusema mji huu ni mji gani?

Niseme kwanza jambo moja kwa wasomaji wa pwani. Wageni wangu kutoka Dar es Salaam na Mombasa wakisikia nimezaliwa Kilwa huniuliza habari za magofu na msikiti mkuu. Hiyo ni Kilwa Kisiwani, iliyoingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Kilwa yetu ni ya bara, katika wilaya ya Pweto, jimbo la Haut-Katanga nchini Kongo, na ng’ambo ya maji ni Zambia. Kwetu, kwenda Lubumbashi ndiko kwenda mjini. Kwa hiyo mwenyeji wa Lubumbashi hapokei watalii wa ndege peke yao. Anapokea zaidi ndugu: mjomba aliyekuja hospitali, binamu aliyekuja kuandikishwa chuoni, shangazi aliyekuja harusini na amebakiwa na siku tatu. Hao nao wanastahili mpango ulioandaliwa kwa akili.

Kabla ya kuandika saa yoyote kwenye karatasi, mpangaji inampasa ajue mji umekaaje na kwa nini umekaa hivyo. Lubumbashi inasomeka kwa urahisi, kwa maana mwanzo wake unajulikana. Mwaka 1910 reli iliyopanda kutoka kusini, kupitia nchi ambayo leo ni Zambia, ilifika hapa. Mwaka huohuo utawala wa Wabelgiji, chini ya Emile Wangermée, ulipima viwanja na kuupa mji jina la malkia wao: Elisabethville. Reli ilifuata shaba. Mgodi wa Étoile, ambao wenyeji wanauita Kalukuluku, ulikuwa jirani, na mwaka 1911 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianza kuyeyusha madini kandokando ya mto Lubumbashi, mto mdogo uliokuja kuupa mji jina lake la sasa mwaka 1966. Jimbo zima la Katanga nalo liliwahi kuitwa Shaba, kuanzia 1971 hadi 1997. Ni majimbo machache duniani yaliyowahi kubeba neno la Kiswahili la kawaida kabisa, neno ambalo kila mama wa nyumbani analijua.

Sasa tazama ramani. Mitaa ya katikati imenyooka kama mistari ya daftari. Hiyo ilikuwa sehemu ya Wazungu. Waafrika walipangiwa makazi kusini, katika mtaa ulioitwa Albert, ambao leo ndio Kamalondo. Kati ya sehemu hizo mbili ukaachwa ukanda usio na nyumba za kuishi, upana wake mita mia kadhaa, ambao serikali ya kikoloni iliuita zone neutre. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya afya: upana huo ulihesabiwa kwa umbali ambao iliaminika mbu wa malaria hawezi kuuruka. Lakini aliyezuiwa kwa kweli alikuwa mtu. Usiku, Mwafrika hakuruhusiwa kuonekana upande wa Wazungu bila kibali mkononi.

Mji umejengeka tangu wakati huo na ukanda ule umemegwa hapa na pale, lakini miguu bado inautambua. Nyumba zinaachana, barabara inapanuka, kivuli kinapungua, halafu ghafla unaingia kwenye nyumba zilizobanana, watoto, muziki, harufu ya mkaa. Mpango wowote wa kuitembelea Lubumbashi usiomvusha mgeni hapo kwa miguu yake mwenyewe una kasoro, hata ukiwa na makumbusho kumi. Vitabu vya wasafiri karibu vyote humzungusha mgeni katikati ya mji, kisha humpandisha gari hadi hotelini. Huyo ameona nusu ya mji, tena nusu iliyokusudiwa aione.

Siku ya kwanza, basi, ni siku ya kuvuka, na kila kitu kingine kinapangwa kuizunguka. Anza saa mbili asubuhi kwenye stesheni ya reli. Kampuni ya reli ya taifa, SNCC, ina makao yake makuu katika mji huu. Mgeni akisimama pale mweleze kwamba njia hizi za chuma ndizo mama wa mji. Kutoka hapo nenda taratibu hadi uwanja wa posta, penye sanamu ya Moïse Tshombe, aliyetangaza kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai 1960. Kujitenga huko kulidumu hadi Januari 1963. Usipite pale kwa haraka, na usimwambie mgeni afikirie nini kuhusu Tshombe. Katika mji huu huu wapo wanaomheshimu na wapo wanaomlaumu, na mgeni ana haki ya kujua kwamba pande zote mbili zipo.

Kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo ni la matofali, la enzi ya miaka ya 1920. Simama nje umwonyeshe mgeni rangi ya tofali. Katika nchi yetu ya miombo vichuguu vya mchwa ni vikubwa mno, vingine vinazidi nyumba kwa kimo, na udongo wake ni mzuri kwa kufyatulia matofali. Sehemu kubwa ya mji huu imetoka ndani ya vichuguu. Sijawahi kumwambia mgeni habari hiyo asigeuke kutazama upya kila ukuta anaoupita. Sinagogi lililochorwa na msanifu Raymond Cloquet, lililomalizika mwaka 1930, linatosha dakika kumi kwa nje. Lilijengwa kwa ajili ya Wayahudi waliofika hapa kufanya biashara, wengi wao wakitokea kisiwa cha Rhodes. Mji wa shaba uliita watu kutoka kila upande.

Makumbusho ya Taifa iwe ya mwisho kwa asubuhi hiyo, jua linapokuwa kali na miguu inataka kivuli. Mpe mgeni saa moja na nusu, wala usimvute aone kila kabati. Mpeleke kwenye misalaba ya shaba.

Hapa nitakaa kidogo, maana bila misalaba hiyo mgeni ataondoka akiamini kwamba shaba ya Katanga iligunduliwa na Wazungu. Kaskazini mwa jimbo la zamani la Katanga, kando ya ziwa Kisale, yako makaburi ya kale ya Sanga, ambayo wanaakiolojia walianza kuyachimbua mwaka 1957. Waliokuwa wamezikwa mle walikuwa na vyungu, mapambo na misalaba midogo ya shaba iliyomiminwa kwenye kalibu. Katika makaburi ya zamani zaidi misalaba ni mikubwa kiasi. Kadiri miaka inavyosogea inakuwa midogo na ya kipimo kimoja, na hapo ndipo wataalamu wanapotambua kwamba kitu kile kimekuwa fedha. Karne nyingi kabla ya reli, watu wa huku walikuwa wakilipana kwa shaba. Kazi yenyewe ilifanywa kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani. Wanaume waliongozwa na mabingwa wenye siri ya moto, wakachimba jiwe la kijani la malakiti, wakalipanga pamoja na makaa katika tanuri la udongo wa kichuguu, wakavukuta mivukuto hadi shaba ishuke chini. Askofu Jean-Félix de Hemptinne aliandika habari zao mwaka 1926 na kuwaita walaji wa shaba. Serikali ya Katanga iliyojitenga iliuweka msalaba huohuo kwenye bendera yake na kwenye sarafu zake za mwaka 1961.

Mgeni akishaiona misalaba, tayari ana kamba ya kufungia mengine yote. Bomba refu la moshi la kiwanda na kile kilima cheusi cha masalio ya madini, vinavyoonekana kutoka sehemu nyingi za mji, havitakuwa tena takataka machoni pake. Ni sura ya mwisho ya hadithi iliyoanzia Sanga. Vitazame kwa mbali: pale ni mahali pa kazi, si pa matembezi.

Chakula cha mchana kiwe cha kukaa chini. Bukari, ambao pwani wanauita ugali, kwa sombe au lengalenga, na samaki. Mimi kama mtu wa Moero siwezi kuficha upendeleo wangu: uliza kama kuna samaki wa ziwani. Biashara hiyo ya samaki ni ya zamani karibu sawa na mji wenyewe. Wafanyabiashara wa Kigiriki waliokaa Kasenga, kando ya mto Luapula, walikuwa wakiwaleta samaki mjini kwa magari ili kuwalisha wafanyakazi wa migodi. Samaki aina ya mpumbu walivuliwa wakipanda mto kutaga mayai, hadi wakapungua vibaya katika miaka ya 1940. Mgeni anayekula samaki wa Moero mezani Lubumbashi anakula historia ya kwetu pia.

Halafu pumzika. Nasisitiza neno hili kwa sababu ndipo mipango mingi inapovunjika. Mpangaji mgeni katika kazi huona saa mbili tupu kwenye karatasi akaziogopa, akazijaza. Kanuni yangu ni kwamba theluthi moja ya mchana iachwe wazi. Teksi-basi itachelewa, umeme utakatika mahali mtakapotaka kuchapa karatasi, mama mmoja atakutana na jamaa yake barabarani na wataamkiana robo saa nzima. Hayo ndiyo maisha ya mji, na saa zilizoachwa wazi ndizo zinazoyapokea bila ugomvi.

Saa tisa na nusu, jua likianza kulegea, vukeni. Hata kwa mwendo wa mzee haifiki saa nzima. Katika msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Machi, geuza ratiba: vuka asubuhi, makumbusho yawe alasiri, kwa maana mvua zetu zinapenda kushuka baada ya saa nane. Na usiwavushe wageni wakiwa peke yao. Mgeni ni kuku mweupe, anaonekana kwa mbali. Awe pamoja na mtu wa Kamalondo, mwenye shangazi pale, anayesalimiwa kwa jina. Jioni rudini kwa gari.

Kamalondo ni mtaa wa nyumba za zamani, wa baa na muziki. Gitaa la Katanga, lile la kudonoa kwa vidole viwili, lilikua katika makazi ya wafanyakazi ya namna hii, na Jean-Bosco Mwenda na Edouard Masengo walilifikisha mbali. Hugh Tracey alimrekodi Mwenda huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mwaka 1952, akiimba kwa Kiswahili chetu. Masengo naye aliishi Nairobi kwa muda na kurekodi huko. Wapenzi wa muziki wa zamani nchini Kenya watalikumbuka jina lake kuliko vijana wa hapa.

Na ndani ya Kamalondo ndimo ulimo uwanja wa TP Mazembe, uliofunguliwa mwaka 2011, wenye viti 18,500. Timu ilianzishwa mwaka 1939 katika shule ya watawa Wabenediktini. Imechukua ubingwa wa Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Mwaka 2010 ilikuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ikiitoa Internacional ya Brazil kabla ya kushindwa na Inter Milan. Ukiwa na mgeni apendaye mpira, kwanza tafuta tarehe za mechi, ndipo upange mengine. Ikitokea Mazembe wanacheza na Saint-Éloi Lupopo, timu ya watu wa reli, iliyozaliwa mwaka uleule wa 1939, futa kila kitu kingine alasiri hiyo. Weusi na weupe upande mmoja, njano na buluu upande wa pili: wapinzani wawili wa mji mmoja, wamekaa kwenye majukwaa.

Siku ya pili nitaipitia haraka. Iwe siku ya masoko na mikono. Asubuhi nenda soko la Kenya, katika mtaa wa Kenya, ambao hauhusiani na nchi ya jirani zetu ila kwa jina. Mgeni aonje kikanda, kile chakula cha mizizi ya okidi ya porini kinachosagwa pamoja na karanga na kukatwa vipande kama nyama. Anywe munkoyo, kinywaji cha mahindi na mzizi, mradi kimetoka kwa mama anayejulikana kwa usafi. Msimu wa mvua atakuta uyoga mkubwa wa vichuguuni.

Vitu vya malakiti atavitaka, na hapo mwenyeji una wajibu. Malakiti ya kweli ni nzito na baridi mkononi hata wakati wa joto, na mistari yake ya kijani haijirudii: mmoja mnene, mwingine mwembamba, mwingine umekatika. Mistari ikiwa sawasawa mno kama ya kitambaa cha dukani, rudisha kitu hicho mezani. Picha za shaba iliyofuliwa kwa nyundo nazo ni sanaa ya hapa hasa. Kuhusu picha za rangi, mweleze mgeni kabla hajanunua kwamba mji huu una ukoo wake wa wachoraji. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyojulikana kwa jina la Hangar. Humo Pilipili Mulongoy alichora samaki na ndege, Bela Sara akachora kwa ncha za vidole vyake, na Mwenze Kibwanga akajaza turubai kwa mistari midogomidogo. Baadaye akaja Tshibumba Kanda-Matulu, aliyechora historia ya nchi nzima kwenye turubai za magunia ya unga. Tangu mwaka 2008 mji umekuwa na tamasha lake la sanaa la kimataifa, lililoanzishwa na jumuiya iliyojipa jina la Kiswahili: Picha. Mwaka wa tamasha, panga safari kulifuata.

Wenye watoto wawapeleke alasiri hiyo bustani ya wanyama na kwa sokwe wa JACK, kituo kinacholea tangu mwaka 2006 sokwe walionyang’anywa wawindaji na wafanyabiashara. Mwaka 2022 watekaji waliiba sokwe watatu wachanga pale wakadai pesa. Watoto wakielezwa hilo huuliza maswali mazito kuliko wazazi wao.

Kosa ninaloliona zaidi katika siku ya tatu ni kutaka kutoka mjini kwenda mahali pawili. Chagua mahali pamoja tu. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, chaguo langu ni Makwacha, kijiji kilicho upande wa mpaka wa Zambia. Mavuno yakiisha, wanawake wa Makwacha hupaka kuta za nyumba zao upya kwa udongo wa rangi walioutafuta wenyewe: mwekundu, mweupe, wa manjano, mweusi. Mvua ikija inafuta, na mwaka unaofuata wanaanza tena. Ukienda Februari utakuta kuta zilizooshwa na utamlaumu aliyekuelekeza. Nenda kwa miadi, msalimie chifu kwanza, lipa wanachokubaliana kijijini, na omba ruhusa kwa mwenye nyumba kabla ya kupiga picha.

Maporomoko ya Lofoi katika hifadhi ya Kundelungu, iliyoanzishwa mwaka 1970, yanaanguka zaidi ya mita 300. Kwenye ramani ya ukutani yanaonekana yako karibu. Hayako karibu. Ni safari ya kulala, ya gari lenye nguvu, ya chakula chenu wenyewe. Mwenyeji anayemwahidi mgeni Lofoi kwa siku moja anamwahidi siku ya kukaa ndani ya gari.

Iko sehemu moja ambayo haifai kuchanganywa na chochote. Shilatembo, kiasi cha kilomita 50 kutoka mjini, ndipo Patrice Lumumba alipouawa usiku wa tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Walishushwa kwenye ndege Luano siku hiyohiyo, wakapelekwa katika nyumba ijulikanayo kama nyumba ya Brouwez, kisha porini. Jino la Lumumba, lililobaki miaka mingi Ubelgiji, lilipita Shilatembo mwezi Juni 2022 likiwa njiani kwenda kuzikwa Kinshasa. Mgeni akitaka kwenda huko, mpe siku yake. Usimtoe Shilatembo ukampeleka dukani.

Hata ndani ya mji yapo majeraha. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kudai mshahara walipigwa risasi katika uwanja wa mpira, Léonard Mpoyi akiwa mmoja wa waliouawa. Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa usiku katika mabweni ya chuo kikuu. Nami mtu wa Kilwa siwezi kuandika juu ya shaba nikaacha Oktoba 2004, jeshi lilipoingia mji wetu karibu na mgodi wa Dikulushi na zaidi ya watu 70 wakafa. Wageni wengine watauliza, wengine hawatauliza. Anayeuliza ajibiwe kwa ukweli, mahali penye utulivu, akiwa amekaa, na muda wa kutosha uwepo baada ya jibu. Ndiyo sababu nyingine ya ile theluthi iliyo wazi.

Mambo madogo yaliyobaki ni haya. Saa za Lubumbashi ziko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, na wageni wanaotoka Kinshasa hukosa ndege kwa sababu hiyo. Anayeingia kutoka nje ya nchi awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Dola zinapokelewa pamoja na faranga, lakini noti iliyochanika hata ncha kidogo itakataliwa. Usipige picha askari, majengo ya serikali, uwanja wa ndege wala migodi. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,200, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi ambayo mtu wa pwani haitegemei: aje na sweta. Septemba na Oktoba ni joto na vumbi, lakini miti ya mjakaranda inachanua na mitaa ya katikati inakuwa ya zambarau.

Na kwa anayependa kusoma kabla ya kusafiri, mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili cha hapahapa, kwa niaba ya waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani mwa Wazungu. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha baadaye pamoja na tafsiri. Sijaona kitabu cha msafiri kinachoufahamu mji huu kuyazidi maandishi hayo ya watumishi. Wao waliuvuka ukanda ule kila asubuhi na kila jioni.

Nkambo alirudi miaka miwili baadaye. Safari hiyo nilimuuliza kwanza anataka nini, jambo ambalo mara ya kwanza halikunijia. Alisema anataka kuona mahali marehemu mume wake alipokuwa akipanga alipofanya kazi mjini akiwa kijana. Tukaanzia stesheni, tukaitazama misalaba, tukala, tukalala kidogo, tukavuka hadi Kamalondo. Mzee mmoja alitukaribisha viti uani kwake, tukakaa hapo mpaka magharibi.

Msimu wa kiangazi unakaribia na ndugu wataanza kufika. Kabla hujaandika mahali popote kwenye karatasi, muulize mgeni wako alichokuja kukitafuta.